Kigingi cha Ploti ya Nne

Kazi yangu ni kuandika, si kusema.
Jumanne ya pili ya Aprili, chini ya maktaba,
viti vya kukunja thelathini na sita, watu hamsini,
birika la kahawa linakoroma kama mgonjwa,
na nje theluji ya mwisho, chafu, imegoma kuondoka.
Akidi imetimia. Naandika: saa moja na dakika nne.

Mwenyekiti Verna Pelkey anagonga meza kwa kikombe,
maana nyundo ilipotea tangu uchaguzi.
Ajenda namba tatu: shamba la viazi la marehemu Cyr,
ekari arobaini na moja kando ya barabara ya mpakani,
ligawanywe ploti kumi na moja za biashara:
kituo cha mafuta, duka la matairi, maghala ya kukodisha,
na nane zilizoandikwa tu "baadaye".

Mhandisi Lindqvist amekuja kutoka kusini mwa Maine
na ramani pana kuliko meza.
Maji ya mvua yatapita hapa, kidole chake kinasema.
Magari mia tisa kwa siku, na sauti haimtetemeki.
Kisha anakohoa: kigingi kimoja hakionekani.
Ploti ya nne, pembe ya mashariki.
Pengine kulungu. Pengine watoto.
Naandika: kigingi kimoja hakionekani.
Mkono wangu nao hautetemeki.
Kimelala katika banda langu la kuni,
utepe wake wa waridi nimeukunja vizuri, kama wa zawadi.

Wanasimama mmoja mmoja, dakika tatu kila mtu.
Roland Michaud hataki taa za kituo zimkute kitandani.
Mwalimu wa sayansi anamtetea ndege wa mdomo mrefu
anayepaa kila machipuko kutafuta mke,
na anataja hata saa yake: robo saa baada ya jua kuzama.
Mzee wa kalavati anazungumzia kalavati, kama kila mwezi.
Mwingine analia kidogo; alizoea kupita pale na mbwa wake.
Mandhari yetu, wanasema. Urithi wetu. Shamba letu.
Yetu, wetu, letu:
ngeli zote zimejipatia mwenyewe.

Ndipo Odile Cyr, safu ya nyuma, koti hajavua,
akasimama bila kujiandikisha.
Verna hakugonga kikombe.
"Tangu Armand afe, nani amekuja kuvuna?
Mlikuja na mbwa. Mlikuja na kamera majani yalipokuwa mekundu.
Macho hayalipi kodi ya ardhi.
Mwaka juzi niliuza trekta. Mwaka jana, pampu na mabomba yake.
Kilichobaki ni udongo.
Anayependa kuutazama aununue, bei iko pale ukutani."
Akaketi. Birika likanyamaza, au nilidhani.

Kitabu changu kina mstari mmoja kwa hayo yote:
Bi. Cyr, mmiliki, aliunga mkono ombi.
Ndivyo nilivyofundishwa: andika hoja, acha koo.

Mahesabu ya kalavati hayajakamilika,
kwa hiyo shauri likaahirishwa hadi Mei,
kura tano kwa mbili.
Watu wakapiga makofi kama walioshinda.
Odile alikuwa ameinama, akitafuta glavu chini ya kiti.

Saa nne usiku nilikitoa kigingi bandani,
nikavuka barabara, tochi mdomoni.
Nilitaka kukirudisha tu, kimyakimya,
kama mtu anayelipa deni ambalo hajadaiwa.
Lakini matope ya machipuko hayaweki kumbukumbu:
tundu lilikwisha kujifumba.
Nikapima kwa hatua, mbili kushoto, moja kulia,
utepe ukinichapa mkono kwa upepo,
mtu mzima anayetafuta mahali pa kuchoma
ardhi isiyo yake.

Dirishani kwa Odile taa ikawaka.
Ikakaa. Ikazimwa.